Pembe ya Pili ya Shuka

Katika dobi, chumba cha kufulia nguo cha hospitali kubwa, shuka halipigwi pasi na mtu mmoja. Wanawake wawili hulishika, kila mmoja pembe yake, wakalivuta hadi linyooke, kisha wakaliingiza kwa pamoja kati ya rola za moto. Akikosekana mmoja, shuka hujikunja, na aliyebaki huhatarisha vidole vyake.

Kazi hiyo Mama Pasi aliifanya miaka kumi na tisa. Jina alipewa na wenzake, naye hakulichukia. "Afadhali hilo," alisema, "kuna mmoja tulimwita Sabuni hadi siku ya arusi yake."

Ada ya chama cha wafanyakazi ilikatwa kila mwezi kabla mshahara haujamfikia, naye hakulalamika. Kisha wifi yake, aliyefanya kazi kwenye rola ya pili, akaungua mkono, kwa kuwa kinga ya mashine ilikuwa imeng'olewa na haikurudishwa. Wawili hao wakaenda kwa katibu wa chama. Katibu akalipekua daftari, akalifunga.

"Dada, jina la huyu halimo. Si mwanachama."

"Halimo? Miaka minane mnamkata!"

"Hilo muulizeni mwajiri."

Mwajiri akawarudisha kwa katibu. Walipigwa danadana wiki tatu, huku kidonda kikioza.

Ndipo Mama Pasi akaandika barua kwa mkono wake: najitoa chamani, ada yangu isikatwe tena. Jibu lilikuja na sahihi mbili, ya katibu na ya meneja. Kwa mujibu wa makubaliano yao, kila mfanyakazi wa dobi sharti awe mwanachama; asiyetaka hana kazi. Mabwana hao wawili, walioshindwa kukubaliana nani amtibu mgonjwa, walikuwa wamekubaliana barabara kuhusu mfuko wa mtu mwingine.

Kumfukuza waziwazi waliogopa. Katibu akapitisha agizo la mdomo: mwanachama yeyote asimshikie shuka.

Siku tatu alisimama mbele ya rola na pembe moja mkononi. Wenzake walitazama sakafu. Siku ya nne akasogea Bibi, mkunjaji mkongwe, mmoja wa waliokianzisha chama enzi wafanyakazi walipofungiwa ndani kwa kufuli hadi zamu iishe.

"Mwanangu, hiyo chai mnayokunywa saa nne tuliipata kwa kugoma siku kumi na moja. Ukitoka wewe, kesho atatoka mwingine, na kufuli litarudi."

"Bibi, chai yako naishukuru. Lakini wifi yangu leo anavishwa nguo na binti yake. Aliyenipigania chai ni wewe, si yule katibu mwenye tai. Nimlipe kwa lipi?"

"Basi baki ndani, umng'oe kwa kura."

"Kura ni mwakani. Mkono wa mtu utangoja?"

Bibi akainama, akaokota pembe ya pili. "Vuta. Umekosea na nitakwambia hivyo hadi jioni. Vuta, bwana!"

Katibu alifika mbio. "Bibi, hata wewe?"

"Hata mimi nini? Tuligoma ili watu washikane, hatukugoma ili waachiane. Hebu toka kwenye mwanga, unanitia giza!"

Wanawake walicheka, wengine hadi machozi. Lakini hakuna aliyesogea. Mchana meneja akamrudisha Bibi kwenye meza ya kukunja, na siku mbili baadaye barua ya kumfukuza Mama Pasi ikatoka: mfanyakazi ameshindwa kufikia kiwango cha kazi.

Karani wa ofisi alimsogezea fomu ya kuachishwa kazi na kalamu.

"Kwanza andika ukweli," Mama Pasi akamwambia. "Andika nimefukuzwa kwa kukataa chama."

"Mama, fomu haina nafasi ya hayo."

"Basi na mimi sina sahihi."

Aliivua aproni, akaikunja mara nne kama ilivyo desturi ya dobi, akaiweka juu ya fomu hiyo, akatoka.

Bibi hadi leo analipa ada, na hadi leo anasema Mama Pasi alikosea kujitoa. Wanatembeleana na kubishana. Faili la Mama Pasi nimelisoma ukurasa kwa ukurasa. Mahali pa sahihi ni patupu. Mahali pa sababu pameandikwa "uzembe", kwa mwandiko mzuri. Hakuna palipoandikwa kwamba watu ishirini na sita waliamriwa kumwachia mwenzao shuka, wakaachia.