Blanketi la Treni ya Kampala

Nilimpeleka Baba Nairobi kwa sababu alikuwa na blanketi la kurudisha. Aliniambia hivyo shambani kwetu Ndera, akipalilia mahindi, nami nikadhani uzee umeanza kumchanganya. Kumbe alikuwa timamu kuliko mimi.

Zamani Baba alikuwa mtumishi kwenye mabehewa ya kulala ya treni iliyotoka Mombasa jioni na kuvuka mpaka hadi Kampala. Alitandika vitanda na kuwaamsha abiria. Safari moja alimpa blanketi mama aliyeteremka Malaba usiku na mtoto mwenye homa. Blanketi lilipokosekana, lawama ilimwangukia mwenzake, Wafula, akaachishwa kazi.

"Wewe ulikuwa bado unanyonya," Baba aliniambia. "Niliogopa. Nikanyamaza."

Sasa tulikuwa tumesikia kwamba Wafula ni mgonjwa, yuko kwa bintiye huko Mlolongo, karibu na Nairobi.

Garsen, saa mbili asubuhi. Baba alinunua blanketi jipya dukani, tukangoja basi la Mombasa. Nilimwona pia na shuka na mto wake kutoka nyumbani, nikamwambia treni ya siku hizi haina vitanda.

"Treni ya Nairobi bila kitanda? Watu watalala wapi?"

"Hawalali, Baba. Wanafika."

Alinitazama kwa huruma, akaukumbatia mto wake.

Mombasa tulilala kwa dada yangu, na asubuhi tukaenda stesheni ya Miritini. Mkaguzi aliupapasa ule mto mara mbili.

"Mzee, unahama?"

"Nasafiri," Baba akamjibu, kidevu juu.

Treni iliondoka saa mbili barabara, safi na baridi, viti vimejipanga. Mimi nilikuwa nikiikumbuka ile ya zamani, na sioni haya kusema kwamba niliililia moyoni. Nilipokuwa mdogo Baba aliwahi kunichukua safari moja. Nakumbuka harufu ya shuka zilizopigwa pasi, na chai ikimwagika kila behewa lilipoyumba. Zaidi namkumbuka yeye akigonga milango mara mbili, taratibu, akitaja stesheni na kusema, "Nusu saa." Aliniambia kwamba hata Wafula alikuwa akimwamsha vivyo hivyo, zamu ya Wafula ilipofika.

Mama mmoja aliyeketi mbele yetu alipiga miayo. Baba akainama.

"Nikuamshe saa ngapi?"

Mama akacheka. "Niache tu, baba. Kabla sijaota tutakuwa tumefika."

Voi ilipita. Baba alikuwa akinong'ona, nikadhani anasali.

"Napanga maneno," akasema. "Ile treni yetu ingenipa usiku mzima. Hii itanifikisha kwa Wafula sijapata hata neno la kwanza."

Nikamwekea mto wake mgongoni, aendelee.

Mlolongo, saa tisa alasiri. Binti ya Wafula alitupokea vizuri, akatuonyesha mlango wa chumba. "Karibuni, lakini msivunjike moyo. Siku hizi hajibu watu."

Baba alisimama mlangoni muda mrefu, blanketi kwapani. Mwishowe akagonga mara mbili.

"Malaba. Nusu saa."

Kisha sauti ikatoka ndani, nyembamba: "Mbona umechelewa kuniamsha, Komora?"

Baba aliingia akalitandaza blanketi juu ya miguu ya rafiki yake.

"Wafula, lile blanketi nililitoa mimi. Nikakuacha ubebe lawama."

"Najua. Nilikuona dirishani ukimfunika yule mtoto."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja useme wewe."

Baba akalia. Hata kwenye msiba wa Mama sikumwona akilia hivyo. Wafula alimwacha amalize, kisha akanyoosha kidole kuelekea miguuni.

"Tandika vizuri. Upande ule umelegea."

Tulirudi baada ya siku mbili. Ile treni ya usiku nitaipenda mpaka nife, lakini hii ya mchana siwezi tena kuinunia, maana ilituwahisha kwa Wafula akiwa bado hai. Maneno ambayo Baba alitaka usiku mzima kuyapanga alikuwa nayo tangu Malaba. Alichokosa ni kuyasema.

Alilala tangu Nairobi, bila mto, kwa kuwa alimwachia Wafula. Tulipopita Mariakani niligonga mkono wa kiti chake mara mbili.

"Miritini, Baba. Nusu saa."

Alifumbua jicho moja. "Waamshe wengine kwanza," akasema, akageukia dirishani na kulala tena.