Claudette Ajifunza Kuiacha Ardhi

Siku niliyomwona Claudette kwa mara ya kwanza, alikuwa katikati ya kiwanja cha mpira wa wavu hapa Uvira, gunia la mchanga mabegani. Alichuchumaa polepole, akasimama, akachuchumaa tena. Wenzake walikuwa wakihema pembeni. Yeye alionekana kama anayesubiri kuongezewa.

Nyumba yangu inapakana na kiwanja, kwa hiyo wavu hulala kwangu. Mimi si mtu wa maneno. Jioni naufunga wavu, kisha nakaa na kutazama.

Claudette alitoka Lemera. Tangu utoto alibeba mihogo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, akipanda na kushuka milima. Shangazi yake, Mama Félicité, alimpokea mjini kwa sharti moja: akichaguliwa katika timu ya kwenda kushindana Kalemie, atabaki, asipochaguliwa, atarudi kwenye mizigo.

Nguvu alikuwa nazo. Lakini mpira ulipoinuliwa juu ya wavu, aliinuka kwa vidole vya miguu tu, kana kwamba kuna mtu amemshika miguu.

"Mulima iko nguvu, lakini hairuke!" mwenzake Itangishaka alimtania, na wote wakacheka. Claudette naye alicheka. Jioni ileile akabeba magunia mawili.

Kocha wetu, Mama Noella, alimtazama kwa muda, kisha akamwita.

"Weye, nani alikufundisha kutembea?"

"Bibi yangu."

"Alikuwa anakuambia nini?"

"Ukiwa na muzigo, mguu mumoja ubakie chini siku zote. Ukiinua yote mbili, shingo itavunjika."

Noella akapiga makofi. "Sasa naelewa! Mwanangu, mpira hauna kilo. Weka hiyo gunia chini."

Magunia hayakuachwa, maana ndiyo yaliyoijenga miguu yake. Ila yalipunguzwa, na kuruka kukatangulia, miguu ikiwa haijachoka. Aliruka mara chache tu kwenye mchanga wa ufukweni, kwa nguvu zote, kisha akapumzika kabisa kabla ya kuruka tena. Kupumzika huko kulimuudhi.

"Kocha, miye sijachoka!"

"Ndiyo maana utaruka vizuri. Kaa."

Baadaye ikaletwa kreti ya bia, akawa anarukia juu yake na kushuka taratibu, mguu mmoja baada ya mwingine. Kila alipotua, Noella aliweka mkono sikioni. "Nakusikia! Kunja magoti. Tua kama paka anayeiba samaki."

Mwanzoni nilimwona akifumba macho kila miguu ilipoondoka chini. Wiki zikapita. Jioni moja nilikuwa nimeinama nikirekebisha kamba, nikangoja kishindo chake, sikukisikia. Nilipoinua kichwa, alikuwa tayari amesimama juu ya kreti, macho wazi, akicheka peke yake.

Siku ya kuchagua timu, Mama Félicité alikuja amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Itangishaka akainua mpira. Claudette akakunja magoti, akapaa, na mkono wake wote ukapita juu ya wavu. Mpira ukapiga chini upande wa pili, hakuna aliyeugusa. Mpira wa pili aliupiga kwenye wavu. Wa tatu ukatoka nje kabisa. Noella akataja majina, na la Claudette likaja mwisho.

"Benchi," akasema.

Mama Félicité akasimama. "Kocha, hiyo benchi nayo inapanda boti ya Kalemie?"

"Inapanda, Mama."

"Basi mtoto abaki kwangu."

Niliwasindikiza hadi bandari ya Kalundu nikiwa nimebeba wavu. Claudette hajarudi bado. Timu moja ya Kalemie ilimwomba aichezee, na shangazi yake akakubali. Kwa hiyo maneno ya mwisho aliyoniambia ni yale ya bandarini. Nilitaka kumtakia heri, nikaishia kumkabidhi wavu. Akanitazama, akacheka.

"Papa Chance, kwa benchi sitakaa sana. Weye uombee magoti yangu tu. Ingine yote nitajifanyia."