Jicho la Leona katika Risasi za Verlin

Katika bonde letu la Pennsylvania mtu huazima trekta ya jirani, na angeazima hata meno ya bandia kama yangemtosha, lakini hafyatui risasi zilizojazwa na mkono wa mwingine. Kila mlenga shabaha hujijazia zake nyumbani, na kosa likitokea hujilaumu mwenyewe. Aliyeivunja desturi hiyo ni Orrin Stahl peke yake. Tangu aache kazi ya machimbo mikono yake ilitetemeka, asiweze kumimina baruti bila kuimwaga. Ila akilaza shavu kwenye kitako cha bunduki, ilitulia kama ya mtoto aliyelala. Basi Verlin Hostetter, rafiki yake tangu shule ya kanisa tuliyosoma sote watatu, alimjazia.

Alifanyia kazi hiyo katika kibanda nyuma ya nyumba, kando ya jiko la kuni. Aliyasafisha maganda ya shaba yaliyokwisha kutumika, akayarudishia umbo kwa mashine ya mkono, akatia kifataki kipya cha kuwashia baruti kwenye kitako cha kila moja, kisha akapima baruti kwa mzani mdogo ambao hata pumzi iliutikisa. Maganda yaliyojazwa yalisimama wima katika ubao wenye matundu, na Verlin aliusukuma ubao huo hadi upande wa pili wa meza, alikoketi mkewe Leona na ufumaji wake. Leona aliweka sindano chini, akawasha tochi, akachungulia ndani ya kila ganda.

“Hili limepungukiwa, mume wangu. Ulikuwa unawaza chakula?”

“Nilikuwa nakuwaza wewe.”

“Muongo mkubwa! Haya, jaza.”

Aliporidhika alisema, “Funga,” na ndipo Verlin aliposhindilia vichwa vya risasi midomoni mwa maganda.

Leona alifariki wakati wa baridi. Baada ya hapo furaha ya Orrin ilikuwa kulenga shabaha, na ya Verlin ilikuwa kumjazia. Sidhani kama walibakiwa na nyingine.

Kiangazi kilichofuata, chama chetu cha walenga shabaha kilifanya mashindano ya masafa marefu. Orrin alikuwa akiongoza. Verlin alikaa nyuma yake na darubini.

“Orrin, unalenga au unasali?” Clyde Beiler alimtania kutoka meza ya jirani.

“Nakuombea wewe, Clyde, Mungu akuonee huruma na hiyo baruti unayoiteketeza bure.”

Kisha akafyatua. Badala ya mlio wa kawaida tulisikia kishindo hafifu, kama kizibo kinachochomoka. Orrin, akihofia muda kumwishia, alilitoa ganda tupu na kuchukua risasi nyingine.

“Orrin! Acha! Usiitie hiyo!” Verlin alipiga kelele, kiti chake kikaanguka.

Tulipopitisha ufito ndani ya mtutu, tulikuta kichwa cha risasi kimekwama humo. Ganda lile halikuwa na baruti hata chembe. Kifataki peke yake ndicho kilichokisukuma kichwa hicho. Lau angefyatua tena, mtutu ungepasukia usoni pake. Kila mmoja alifungua kisanduku chake, akazitazama risasi zake mwenyewe.

Kesho yake Verlin alizifungua zote zilizosalia, Orrin akiwa kando yake. Zote zilikuwa na baruti kamili.

“Ni moja tu, bwana,” Orrin alisema. “Moja katika miaka yote hii! Hata mchungaji huruka mstari.”

“Mchungaji akiruka mstari, hakuna anayepofuka.” Verlin aliinamisha kichwa. “Nilisukuma ubao upande wa Leona. Nikatia kuni jikoni. Kisha nikauvuta, nikafunga. Sikuangalia, Orrin. Sijawahi kuangalia mimi. Ilikuwa kazi yake.”

Orrin alivuta kiti cha Leona. “Basi nitaangalia mimi. Tochi haidai mkono mtulivu.”

“Usikae hapo.”

“Verlin, ndugu yangu…”

“Nimesema usikikalie hicho kiti!”

Orrin alikiacha kiti, akavaa kofia yake, akatoka.

Verlin aliifunika mashine kwa gunia. Orrin alijaribu risasi za dukani, nazo zikatawanyika kwenye shabaha kama mtama uliotupiwa kuku. Majani yalipoanza kupukutika, meza yake uwanjani ilikuwa tupu. Kanisani walisalimiana kwa adabu, kama watu waliokutana kwenye foleni ya posta, na majira yote ya baridi yakapita hivyo.

Theluji ilipoyeyuka, Verlin alikwenda kwa Orrin na pai ya maapulo.

“Nani huyo?” Orrin aliuliza mlangoni, mchana kweupe.

“Nani mwingine, we mzee?”

“Sauti naijua. Uso ndio umekuwa ukungu. Daktari anasema katikati ya kila jicho pamekufa, nimebakiwa na kuona kwa pembeni tu.”

Verlin alisimama na pai yake. “Nilikuja kukuomba ukae kwenye kile kiti,” alisema hatimaye.

Orrin alisogea kando ya mlango.

“Ungeniomba kabla ya theluji, ningekuja mbio,” alijibu. “Ingia. Kata hiyo pai, na uniambie ilivyo, nisije nikatafuna sahani.”

Verlin aliikata. Alimwambia kwamba maapulo yamejaa upande wa kushoto, na Orrin akageuza uso kando kidogo, apate kumwona.