Ngoma ya Mchana Kweupe

Sadala Kibwana alikuwa amepiga msondo, ile ngoma ndefu, tangu ndevu zake hazijaota, na viganja vyake vilikuwa vigumu kama gome la mkorosho. Lakini katika miaka yote tangu aoe hakuwahi hata mara moja kuuona uso wa mwimbaji wake.

Si kwamba mwimbaji alikaa mbali. Alisimama nyuma yake, karibu kiasi kwamba akivuta pumzi kabla ya kuanza ubeti, Sadala alizisikia, na mkono wake ukajua pa kuangukia. Mwimbaji huyo ni Mwamini, manju wa kijiji, ambaye nyimbo zake ziliimbwa hadi Ikwiriri na watu wasiojua nani kazitunga. Kilichowazuia kutazamana ni kimoja tu: Mwamini ndiye aliyemzaa Mwanaharusi, na Mwanaharusi ni mke wa Sadala.

Kijijini kwao, kati ya Kibiti na bonde la mto, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume hujitupa majanini kama aliyeona nyoka, na mama hujigubika kanga uso mzima, kisha wanapishana hivyo, mmoja akichomwa na upupu, mwingine akijikwaa kwenye visiki. Wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa kitu cha tatu.

"Ewe kinu," Mwamini angesema, amesimama uani kwa binti yake, na Sadala yuko upande wa pili wa ua wa makuti, "mwambie mwenye nyumba hii paa lake linavuja."

"Ewe kinu," Sadala angejibu, "mwambie mgeni wetu nimesikia."

Kinu kile kilijua mambo ya ukoo ule kuliko kadhi.

Lakini usiku hauna mkwe. Ndivyo walivyosema, na ndivyo walivyoishi. Ngoma ilianza baada ya isha, watu wakishakula na kunawa. Sadala aliuotesha msondo wake moto wa makuti hadi ngozi ikakaza, kisha moto ukaachwa ufe. Hapo ndipo Mwamini alipoingia uwanjani, akiwa sauti tu. Sadala akampa mgongo, naye akamwimbia mgongo huo usiku kucha. Ngoma ikaisha jogoo wa kwanza alipowika, kabla nuru haijaanza kuuliza huyu nani na yule nani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Basi mwaka mmoja, katika miaka ile ya utawala wa Mwingereza, Jumbe Mwinyimvua akaumwa jino.

Nyumba ya Jumbe ilikuwa ubavuni mwa uwanja wa ngoma. Usiku mmoja vumi, ile ngoma kubwa ya sauti nzito, lililia, na kila lilipolia jino nalo likaitikia. Asubuhi Jumbe aliita watu barazani, shavu limevimba kama aliyeficha embe mdomoni. Kando yake alisimama Maneno, tarishi wake, ameshika kengele.

"Kuanzia leo," Jumbe alisema kwa upande mmoja wa mdomo, "ngoma itaanza ikishapita adhuhuri, na itakwisha kabla ya jua kuzama. Atakayepiga usiku nitampeleka Utete akapige huko huko bomani, wamsikilize wao."

Bashiru, mpigaji wa vumi, mtu mnene mwenye maneno mengi, alinyanyua mkono. "Jumbe, ngoma ya mchana itachezwaje? Mchana kila mtu ni mtu wa fulani."

"Na usiku ni mtu wa nani?"

"Usiku ni mtu tu, Jumbe."

Baraza zima likaangua kicheko. Jumbe naye alitaka kucheka, akashika taya. "Msinichekeshe, wana wa watu! Naumia!"

Kutoka upande wa wanawake ikaja sauti ambayo Sadala, akiwa ameinamisha kichwa, aliijua mara moja. "Popo haambiwi aruke mchana, Jumbe."

"Basi na alale, bibi. Na mimi nilale."

Baraza likavunjika hivyo. Watu walirudi kwao wakicheka, isipokuwa Sadala. Ijumaa iliyofuata binti yake Zamda alikuwa anaolewa.

Zamda alikuwa anaolewa na Husseini, mkata mikoko wa visiwa vya delta, na ndugu za Husseini walikuwa tayari wamo mitumbwini wakipanda mto, wamebeba kamba wakavu na sifa za ngoma waliyosimuliwa. Hayo yangeweza kutengenezwa. Lisilotengenezeka lilikuwa ahadi. Usiku wa arobaini ya Zamda, Mwamini aliimba ubeti mmoja wa wimbo mpya, ubeti mmoja tu, akanyamaza. Kesho yake alisimama uani. "Ewe kinu, mwambie baba mtoto kwamba beti zilizobaki nitaziimba siku ya harusi ya mjukuu wangu. Na apige yeye. Asipige mwingine."

"Ewe kinu, mwambie nimekubali."

Tangu siku hiyo Sadala aliubeba ule ubeti kama mtu aliyepewa nusu ya embe akaambiwa asubiri nusu ya pili. Aliupiga kwa vidole juu ya jembe, juu ya ukingo wa mtumbwi, juu ya mgongo wa mkewe usingizini, hadi Mwanaharusi akamwambia aende akalale na msondo wake.

Kwanza walijaribu kumweka Bashiru kwenye msondo. Mwamini aliimba mstari mmoja, akaacha. Aliyekuwapo anasema Bashiru alipiga kama mtu anayefukuza nguruwe shambani, tena nguruwe wenyewe wamekwisha ondoka.

Jioni ile kinu kilipata kazi.

"Ewe kinu," Mwamini alisema, "mwambie mpigaji nitaimba, hata jua likiwa la utosi. Lakini nikimwona akaniona, uso wa kulia wali wa harusi nitautoa wapi?"

"Ewe kinu, mwambie mimi nitafumba macho."

"Ewe kinu, mwambie kipofu huyo kwamba watu wengine hawatafumba yao."

Mwanaharusi alikuwa anapepeta mchele katikati yao. Akautua ungo. "Nyinyi wawili mtanimaliza. Kinu hiki nakihitaji kwa kutwangia. Lile dungu letu la bondeni si lipo? Mpunga umeshavunwa, uwanja ni mweupe. Baba Zamda atapanda juu na ngoma zake, tutamzungushia mikeka. Wewe mama utaimba chini. Atakayemwona mwenziwe hapo, ana macho ya mwewe."

Kisha kutoka pande zote mbili za ua, kwa pamoja: "Ewe kinu, mwambie amesema kweli."

Dungu ni kibanda cha juu ya miguu minne ya miti, wanakokaa wenye mpunga kulinda ndege mchana na nguruwe usiku. Lilijengwa kumbeba mwanamke mmoja, mtoto wake na rundo la mawe ya kombeo. Ijumaa, baada ya sala, alipanda Sadala na msondo. Akafuata Bashiru na vumi lake, na dungu likasema neno moja, kwaa. Hakuna aliyelijali. Mafuriko yalikuwa yameilowesha miguu yake mwaka hadi mwaka, na mchwa walikuwa wamemaliza yaliyobaki, lakini mtu mwenye furaha hakagui miti.

Moto haukuhitajika, kwani jua lenyewe lilizikaza ngozi, na pigo la kwanza likaruka hadi ng'ambo ya mto. Mwamini alivuta pumzi huko chini. Sadala alizisikia hata kupitia mikeka.

Ngoma ikaanza.

Lakini dungu lilikuwa limefikiriwa kwa ajili ya Mwamini na Sadala tu. Wanaume wengine wa kijiji walifika uwanjani kama walivyozoea, wakajikuta mchana kweupe mbele ya mama wakwe zao. Wa kwanza aligeuka akakimbia. Wa pili aliokota ungo akajifunika. Hilo likaonekana ni jambo la akili, na punde si punde mduara wote ulikuwa wanaume wenye nyungo, makapu na kawa za kufunikia chakula vichwani, wakizunguka na kugongana, kila mmoja akiomba radhi kwa asiyemjua. Wageni wa delta walidhani ndio mtindo wa bara. Wakavua kofia zao, wakaazima makapu, wakaingia.

"Bwana harusi yuko wapi?" mtu aliuliza.

"Yule kwenye pakacha!"

"Hapana, yule ni shehe!"

Ndipo Jumbe Mwinyimvua akafika kuona kama amri yake inafuatwa. Alikuja na shavu lake, mwavuli wake mweusi, na Maneno na kengele. Jumbe alikuwa na wake watatu. Wake watatu wana mama watatu, na siku ile wote watatu walikuwa uwanjani, mmoja kusini, mmoja mashariki na mmoja pale pale alipotaka kusimama. Aliushusha mwavuli upande huu, akaonekana upande ule. Akaugeuza, akazunguka, akauinamisha, akazunguka tena, na kwa kuwa msondo ulikuwa unalia, mizunguko yake ikaangukia kwenye pigo.

"Jumbe anacheza!" wanawake wakapiga vigelegele. "Tazameni, Jumbe anacheza!"

"Sichezi! Najificha!"

"Jifiche hivyo hivyo, baba, unapendeza!"

Juu ya dungu Sadala hakuona chochote. Alikuwa anaingojea nusu yake ya embe. Mwamini alimaliza ubeti wa zamani, ule wa arobaini, akauingia wa pili, na Sadala akaujua kabla haujamfikia, kama mtu anavyoujua mlango wa nyumbani gizani. Aliupiga msondo kwa nguvu zote za miaka yote ile. Bashiru naye, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akapiga inavyotakiwa. Dungu likaanza kuyumba, kwanza kwa heshima, kisha kwa kucheza kabisa.

"Kaka Sadala," Bashiru alisema, "tunakwenda."

"Piga!"

"Nasema tunakwenda!"

Wakaenda. Mguu mmoja ulikatika, wa pili ukaufuata kwa huruma, na mikeka, makuti, vumi, Bashiru na msondo vyote vikashuka juu ya rundo la mabua ya mpunga. Vumbi likapanda. Lilipotua, Sadala alikuwa amekaa chini, msondo mapajani, uso juu, na mbele yake, karibu kama kinu na mchi wake, alisimama mama mkwe wake.

Hapakuwa na jani la kujitupia, na kanga ya Mwamini ilikuwa imeanguka mabegani.

Miaka yote ile Sadala alikuwa amepiga akiifuata sauti iliyobaki ya msichana. Sauti haikuwahi kumwambia kwamba nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe kama pamba ya mashamba ya Mkongo, wala kwamba jino la mbele halikuwapo, wala kwamba anapoimba hushika sikio kwa mkono wa kushoto, kama Mwanaharusi anapombembeleza mtoto. Alifikiri: kumbe usiku ulikuwa unanificha hili pia. Na kwa kitambo kifupi furaha yake ikawa na ladha ya chozi.

Nyungo zote zikainuka kidogo, ili macho yapate pa kuchungulia.

Mkono wa kulia wa Mwamini ulikuwa bado juu. Na kwa desturi ya ngoma yao, mkono wa manju ukiwa juu, msondo haunyamazi. Zilikuwa desturi mbili, na zote zilimtazama Sadala. Akachagua. Akautia msondo mkono, pale pale mavumbini, na Mwamini hakupoteza hata neno. Aliimba:

"Mvua hainyeshi, mbingu imetoboka,
kapu la mawe kwangu limedondoka,
nimetafuta mkwe, mkwe nimemkosa,
naona ulimi nje, mwenyewe katoroka!"

Kweli. Sadala alipopiga alitoa ulimi, akaung'ata pembeni kama mtoto anayejifunza kuandika. Alipiga hivyo tangu utoto, na giza lilikuwa limemtunzia siri. Watu walicheka hadi makapu yakaanguka, na yalipoanguka hakuna aliyejali tena kuyaokota. Zamda, aliyeambiwa bibi harusi hachekwi wala hacheki, alicheka hadi akamwegemea mama yake. Kisha Mwamini akamgeukia mjukuu, sauti ikashuka, akamwimbia beti zilizobaki, moja baada ya nyingine, na baba akampigia, akimtazama mwimbaji usoni ili ajue pumzi zinaanzia wapi.

Jua likafika ukingoni. Maneno akapiga kengele. Mkono wa Mwamini ukabaki juu. Maneno akapiga tena. Mkono juu.

"Bibi, muda umekwisha!"

"Muda wa nani?" Mwamini alisema katikati ya mistari, akaendelea.

Adhana ya magharibi ndiyo iliyoushusha mkono, polepole, na Sadala akaushusha msondo pamoja nao.

Kesho yake asubuhi Sadala alimpeleka kuku kwa mama mkwe, faini ya kumtazama. Njiani alikutana na kuku mwingine, wa Mwamini, anapelekwa kwake. Kila mmoja alishikilia kwamba yeye ndiye aliyetazama kwanza, na kinu kilichoka siku ile.

Jumbe aliling'oa jino. Alipopona aliita baraza tena, akasema amefikiri sana, na ameona ngoma irudi usiku, baada ya isha, na iishe jogoo akiwika. "Kwa faida ya mpunga," alisema, ingawa mpunga ulikuwa umeshavunwa, na hakumtazama mama mkwe yeyote.

Ngoma ya kwanza baada ya hapo, moto ulikufa, giza likaingia, na Sadala akampa mwimbaji mgongo kama zamani. Mwamini alivuta pumzi. Sauti ikaja ya msichana yule yule, ila sasa Sadala aliliona pengo la jino ndani yake, na mkono sikioni, akatabasamu peke yake. Akapiga.

Mstari haukuwa umefika mwisho Mwamini alipoukata.

"Ewe kinu," ilisema sauti kutoka gizani, "mwambie mwenye msondo arudishe ulimi ndani."