Msumeno Uliolala Kitandani

Mwaka uleule wa uhuru wa nchi yetu, dukani mjini Rumonge, mama mmoja aliomba mpini wa shoka. Mwenye duka akashangaa: “Mama, bwana yako si ana musumeno ya mota?”

“Iko. Inalala kitandani, imefunikwa blanketi yangu. Eti kuni za jikoni zitaichosha.”

Duka zima tukamgeukia mumewe, aliyekuwa pale pale akinunua mafuta ya mashine hiyo. Akatazama dari. Mama akaurudisha mpini mezani, taratibu.

“Basi, baba ya watoto, leo musumeno itakupikia.” Akatoka.

Jioni nilipita kwao. Msumeno ulikuwa unanguruma juu ya magogo, mikononi mwa mumewe, na mama ameketi, miguu ameinyoosha. Uhuru sisi tuliusikia redioni. Yeye aliusikia uani kwake.