Mtu wa Viatu Vyeusi

Kama hujawahi kuona mwanamume mzima akiogopa jozi ya viatu, basi hukumjua Abdulwahab, muuza nazi wa Mchinga. Mwili wa kubebea magunia, sharubu za kunyamazisha watoto, lakini kitabu kikishamwingia, hata paka akikwaruza bati anataka kujua paka huyo katumwa na nani.

Riwaya zake alizifuata Lindi kwa muuza vitabu chakavu. Za mapenzi hakuzitaka. Alitaka waziri alishwe sumu na kanali apange mapinduzi. Alikuwa akifua nazi kidogo, anasoma kidogo, na wateja walishazoea kusubiri mpaka mtu afe kitabuni.

Safari hii kitabu kilihusu mhariri anayefuatwa na watu wa usalama. Mhariri alimtambua anayemfuata kwa viatu, maana mtu hubadili shati na kofia, akasahau miguu. Abdulwahab akatikisa kichwa kwa utamu, akainua macho, na pale kwa Khamisi, fundi baiskeli, amesimama mgeni mwenye viatu vyeusi vinavyong'aa. Mchinga, mchanga wote ule, nani anavaa hivyo?

Kesho yake mgeni alikuwa kwa mama wa maandazi, na kofia nyingine. Viatu vilevile. Halafu akaonekana nje ya msikiti na imamu. Abdulwahab alipokaribia, imamu akakohoa, mazungumzo yakafa.

Akamwendea Khamisi. "Yule mtu anauliza nini?"

"Mtu gani?"

"Wa viatu."

"Abdu, watu wote wana viatu." Khamisi akazungusha gurudumu lisilo na ubovu wowote. "Nenda kafue nazi zako."

Abdulwahab akarudi kwenye nazi zake. Akakumbuka majigambo yake kwenye kahawa: kwamba yeye Abdulwahab, akipewa kituo cha redio na askari wachache, serikali anaiangusha kabla kahawa haijapoa. Watu walicheka. Sasa akajiuliza nani hakucheka.

"Kuna mtu kafika hapa?" alimuuliza mkewe, Mwanahija.

"Mwanamke mmoja, kaomba maji. Akachungulia mpaka jikoni." Mkewe akakwepa macho yake.

"Wakinichukua, nani atamwozesha mwanetu Hafsa?"

"Nani kakwambia habari za Hafsa?" Mwanahija akashtuka. Lakini mumewe hakusikia. Alikuwa anasikiliza barabarani.

Ijumaa asubuhi alizitia riwaya zote kwenye tanuri la kukaushia mbata, nyuma ya nyumba. Ile ya mhariri aliitia mwisho. Alikuwa amefikia pale mlango unapogongwa.

Msikitini hakwenda. Baada ya swala, gari likasimama nje. Abdulwahab akajibana nyuma ya pazia la chumbani, mikono baridi kama samaki wa barafu. Chini ya pazia aliona viatu vyeusi vikija, vikafika kizingitini, vikasimama. Mkono ukashuka, ukafungua kamba, viatu vikavuliwa na kupangwa kando. Soksi ilikuwa na tundu la kidole gumba.

Akapumua. Katika vitabu vyote alivyosoma, hakuna aliyekuja kukamata mtu akavua viatu.

"Shikamoo mzee," mgeni akasema Abdulwahab alipotokeza na utando wa buibui kichwani. "Naitwa Suleiman. Nimekuja kumposea mpwa wangu binti yenu Hafsa. Utusamehe kwa kuulizauliza mtaani. Nyumba huchunguzwa kwanza, na waulizwao huombwa wasiseme."

Abdulwahab alicheka mpaka akakaa chini. "Mmenitoa roho. Na kijana anafanya kazi gani?"

"Yuko serikalini, Dodoma."

"Sehemu gani?"

Suleiman akatazama tundu la soksi yake. "Hata mimi mjomba wake hajaniambia. Ila yeye ndiye aliyenielekeza nibadili kofia kila siku."

Kicheko kikakauka. Abdulwahab akaingia jikoni, akamkuta Hafsa ameinama.

"Unamtaka?"

"Namtaka, baba."

"Kazi yake?"

"Nikimuuliza anacheka."

Abdulwahab akarudi ukumbini. "Mwambieni nimekubali. Na mwambieni yale maneno ya kuangusha serikali, kama kayasikia, yalitoka kitabuni."

"Kayasikia," Suleiman akasema taratibu. "Kitabu gani, mzee? Atataka kukiona."

Nyuma ya nyumba, tanuri lilikuwa bado linafuka moshi.