Ni Hapo Mbele Tu

Ukija mji mkuu wetu na una siku moja tu, usinisikilize mimi. Mimi ni mpiga picha wa uwanja wa mnara, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na tangu kila mtu apate simu yenye kamera nimekuwa mtu wa kinyongo. Nitakwambia uje mnarani moja kwa moja nikupige picha, basi, urudi kwenu. Anayejua kutembeza wageni ni Mbeletu.

Jina hilo tulimpachika sisi wa uwanjani. Mgeni akimuuliza kama wanakokwenda ni mbali, hujibu, "Aa, ni hapo mbele tu," halafu anamkokota nusu saa juani. Nimeona watu wazima wakivua viatu ngazini huku wakimlalamikia na kucheka. Lakini kwa njia nzuri ya kuliona jiji hana mpinzani. Saa mbili asubuhi bungeni, kwa nje, kabla askari wa getini hawajachoshwa na maswali. Kisha makumbusho: picha za wakubwa chini anazipita bila kugeuza shingo, anawapandisha wageni kwenye chumba cha viti vya kale, penye kigoda kilicholika upande mmoja kwa kukaliwa, na mwenyewe hajulikani. Halafu stesheni ya zamani, halafu bustani wakati jua limewaka. Mnara ni wa mwisho, ngazi mia na kumi na tatu, saa kumi alasiri, jua likiwa mgongoni na jiji zima machoni. Sijaona anayeipanga siku vizuri kuliko yeye.

Wageni wasichokijua ni kwamba Mbeletu ana mtoto. Alijifungua akiwa na miaka kumi na minane. Dada yake mkubwa, aliyekaa kwenye ndoa miaka saba bila kupata mtoto, akamchukua yule mchanga akiwa na wiki sita. Walikubaliana jikoni kwa mama yao: mtoto atamwita dada mtu mama, na Mbeletu atamwita mama mdogo. Aliniambia siku mvua ilipotubana kibandani kwangu. "Hilo 'mdogo'," akasema, "kila akilitamka linanichoma." Nikamwongeza chai.

Mwaka huu dada mtu akafariki. Mume wake akapata kazi nje ya nchi, akaamua kuhama na yule mtoto, sasa binti wa miaka kumi na saba. Wangepitia hapa. Baba angehangaikia karatasi za safari, na binti angeshinda na mama yake mdogo mpaka basi la saa kumi na mbili jioni.

Siku mbili kabla, Mbeletu alikuja kibandani na karatasi yake ya njia. Hajawahi kuhitaji karatasi.

"Nitamwambia bungeni," akasema. "Kuna lile benchi."

"Benchi la bungeni lina askari," nikamwambia. "Mtoto aambiwe habari ya kuzaliwa kwake mbele ya bunduki?"

Tukacheka mpaka akajipangusa macho. Akakata bungeni, akaandika makumbusho, akakata tena. "Wewe uwe juu mnarani saa kumi," akaniambia. "Nataka picha ya mtu na mama yake."

Ya siku ile kabla hawajafika kwangu alinisimulia Mbeletu mwenyewe baadaye, na sikumwonea huruma wakati wa kusikiliza, nilimkasirikia. Bungeni, binti alikaa kwenye lile benchi, akapapasa nafasi ya pembeni yake. "Kaa, mama mdogo. Tuongee." Mbeletu akabaki wima, akamweleza jengo lilichukua miaka mingapi kujengwa. Makumbushoni, binti alisimama muda mrefu mbele ya kigoda.

"Hiki hakijulikani ni cha nani?"

"Hakijulikani."

"Mwenyewe akitokea leo akasema ni changu, watampa?"

Mbeletu akajibu kwamba hilo halijawahi kutokea. Stesheni aliongea habari za reli. Bustanini alijaribu, akaishia kununua maji. "Tutaongea vizuri mnarani," akamwambia binti. "Ni hapo mbele tu."

Juu mnarani nilikuwepo. Walifika wakihema, na hakuna aliyehitaji kuniambia nani ni nani: masikio yaleyale, paji la uso lilelile. Mbeletu alishika chuma cha ukingo kwa mikono miwili. Nikainua kamera.

"Mwanangu," akasema.

Sasa wewe unajua neno hilo lilivyo kwetu. Muuza maji hukuita mwanangu, kondakta hukuita mwanangu. Lakini binti aligeuka mzima mzima, macho yamejaa, akaitika taratibu, "Naam?" Nami nikabonyeza, nikijua ndiyo hii sasa.

Mbeletu akanyoosha mkono. "Kule, mwanangu, penye mabati yanayong'aa. Kule ndiko uwanja wa ndege."

Binti akatazama huko kwa adabu. Kituoni alimkumbatia muda mrefu mpaka dereva akapiga honi. "Asante, mama mdogo," akasema. "Umenionyesha jiji zima."

Asubuhi nilimtumia binti picha zake kwa simu. Akanijibu palepale:

"Zimefika, mjomba. Mama alinieleza yote hospitalini kabla hajafa. Baba alitaka tupite njia fupi, mimi ndiye niliyeomba tupitie huko, nisikie kwa mwenyewe. Nilimpa nafasi kila tuliposimama. Pale juu aliponiita mwanangu nilidhani amesema. Nimechoka kusubiri, mjomba. Laini hii naizima tukivuka mpaka."

Niliwaza kumficha Mbeletu. Kisha nikaona kufichana kumeshawatosha watu hawa, nikampelekea simu. Alikuwa na kundi la wageni tisa. Alisoma mara mbili, amesimama. Akapiga namba ile hapohapo, mbele yao, akasikia haipatikani. Akaipiga kila siku kwa miezi minne, mpaka siku moja ikapokewa na mwanamume asiyemjua, aliyepewa namba hiyo upya.

Ile picha ninayo. Mkono haujanyooshwa bado, binti amegeuka, mama amefungua mdomo. Mbeletu hajawahi kuiomba, nami sijathubutu kumpa. Naionea uchungu kuliko picha zote nilizopiga.

Kazi bado anaifanya, na njia ni ileile. Juzi bibi mmoja mgeni alifika naye hapa chini, amechoka, akaangalia ngazi, akamuuliza, "Mama, huko juu ni mbali?"

Sisi wote wa uwanjani tukageuka, tukisubiri jibu letu tulilolizoea.

"Ni mbali, bibi," Mbeletu akasema. Akamshika mkono, akamketisha, akakaa pembeni yake. "Ni mbali sana. Kama una la kusema, lisemee hapahapa."